Dufu na Wenzake Wadogo: Kuchagua Vyombo vya Kasida ya Nyumbani



Shughuli nyingi za watu wetu wa pwani zimehamia vyumbani. Maulidi yaliyokuwa yakisomwa uani au barazani mbele ya mtaa mzima, leo aghalabu husomwa sebuleni, katika ghorofa ya tatu, baina ya jirani wa juu na jirani wa chini. Akika, sherehe ya mtoto aliyehitimu Qur'ani, usiku wa hina, kikao cha kina mama baada ya Alasiri: vyote hivi vimekuwa vikao vya watu ishirini au thelathini, na dufu moja au mawili. Kwa kuwa Mfungo Sita haukosi kuja, na harusi hazingoji Mfungo Sita, wazazi na walimu wa madrasa wametuletea swali ambalo tumeona tulijibu hapa kwa urefu. Dufu likisha kuwapo, ni chombo gani kidogo kiongezwe kando yake, ili kasida ipate uhai bila ya kikao kugeuka kelele?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika akika moja tuliyohudhuria, watoto kumi na wawili waliimba kwa adabu na kwa sauti nzuri. Mbele yao palikuwa na matari matatu yenye visahani vya bati, manyanga mawili, na maikrofoni iliyowekwa katikati ya hayo yote. Walipomaliza, bibi wa mtoto aliyefanyiwa akika, mzee aliyeketi hatua nne tu kutoka kwa waimbaji, alituuliza kwa upole kasida ile ilikuwa ikisema nini. Watoto walikuwa wamehifadhi beti zile kwa majuma sita, na aliyesomewa hakupata hata ubeti mmoja. Hasara hiyo ndiyo tunayotaka kuizuia.

Tuanze na sikio lenyewe. Sikio la mwanadamu halipokei sauti zote kwa usawa. Wepesi wake mkubwa zaidi uko kwenye sauti ambazo mitetemo yake ni kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Mpigo wa katikati ya dufu uko chini sana ya hapo; ni mzito, nao hupita chini ya maneno kama maji yapitavyo chini ya mashua. Amma sauti ya visahani vya bati, ya njuga, na ya mbegu zichezazo ndani ya kibuyu iko juu, na huko juu ndiko ziliko herufi kama sin, shin, sad, fa na tha. Irabu zina nguvu na hujitetea zenyewe. Herufi hizi ni pumzi tu inayopita baina ya meno na ulimi, na hazina cha kujitetea. Chuma kikilia mfululizo huketi juu yake. Msikilizaji husikia kwamba mtu anaimba, na lahani huipata vizuri, lakini hajui kama ametajiwa salamu au kalamu.

Kwa hiyo udogo wa chombo haumwekei mtu dhamana. Chombo kidogo chenye sauti ya juu, hata kikipigwa taratibu, chaweza kuyafunika maneno kuliko dufu kubwa lipigwalo kwa kiganja kizima. Anayechagua chombo cha kando na aulize kwanza kinaketi wapi, na kinakaa kwa muda gani. Ukubwa wake ni swali la baadaye.

Pwani yetu si ngeni na mazungumzo haya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Swaleh bin Alawi Jamalullayl, mwasisi wa Riyadha ya Lamu, alieneza usomaji wa maulidi ya Simtu Durar, yaliyotungwa Hadhramaut na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, pamoja na matari. Wako waliompinga wakati huo, na wako hadi leo wenye kuona kwamba maulidi yasomwe bila ya chombo chochote. Mwenye rai hiyo tunamheshimu, na nyumba yake isiletewe dufu kwa nguvu. Tunazungumza na wale waliokwisha kulikubali dufu na wanataka kulitumia kwa adabu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, wamelijadili jambo hili kwa undani wa kushangaza. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alieleza katika Minhaj kwamba dufu linajuzu katika harusi na khitani, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hata katika furaha nyinginezo, na hata kama lina jalajil, yaani vitu vya kulialia. Al-Khatib ash-Shirbini alipoisherehesha Minhaj akafafanua vitu hivyo ni nini: pete zinazotiwa ndani ya duara la dufu, au visahani vipana vya shaba vinavyopachikwa katika nafasi zilizotobolewa kwenye ubao wake. Ndugu msomaji, hayo ndiyo matari yetu haya haya. Katika kitabu hicho hicho cha Minhaj, matoazi yagonganishwayo peke yake yametajwa katika fungu la vyombo vilivyokatazwa, na kadhalika kuba, ngoma ndefu yenye kiuno chembamba. Kwa ufafanuzi wa hukumu, kila mmoja na arejee kwa mwalimu wake. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba wazee hao walitofautisha baina ya chuma kilichofungwa kwenye dufu, kinacholia kwa mpigo wa dufu, na chuma kinachojitegemea. Mpangaji wa kasida atanufaika akiishika tofauti hiyo.

Kabla ya kununua chochote, lisikilize kwanza dufu ulilo nalo. Dufu moja la ngozi ya mbuzi lina sauti mbili kubwa: ile nzito ya karibu na katikati, ambayo wapigaji huiita dum, na ile kavu ya ukingoni, ambayo huiita tak. Mpigaji mzuri huongeza ya tatu kwa kupapasa ngozi kwa ncha za vidole. Mara nyingi kikundi hutafuta chombo cha ziada kwa sababu mpigaji wao hajajifunza kuipiga tak ikasikika. Mfundisheni kwanza, huenda haja yenyewe ikaondoka. Kumbukeni pia kwamba hewa ya bahari hulegeza ngozi, na dufu lililolegea hupoteza tak yake kabla ya kupoteza dum. Liwekeni juani kwa muda mfupi, au mbali kidogo na makaa, kabla ya kikao, na msilikaushe hadi sauti ikawa kali. Dufu la ngozi ya plastiki halilegei kwa unyevu, lakini sauti yake ni ya juu zaidi, na katika chumba chenye kuta ngumu huchosha upesi.

Ikiwa dufu liko sawa na bado mnataka kiungo kidogo, hivi ndivyo vyombo vinavyopatikana kwetu, na haya ndiyo tuliyoyaona kwa kila kimoja.

Tari lenye visahani ndilo la kwanza kufikiriwa, kwa kuwa linakaa mkononi sawa na dufu na lina sheria ile ile ya upigaji. Hapa tazameni madini na idadi. Visahani vya bati jepesi au vya chuma cheupe vina sauti kali. Vya shaba vina sauti ya joto zaidi, na vikiwa vimefuliwa kwa nyundo huwa vikavu kuliko vilivyo laini kabisa. Tari lenye jozi nne au tano latosha kwa sebule. Lenye safu mbili zilizojaa duara zima ni la uwanjani. Mkipata tari zuri lenye visahani vingi mno, msilitupe: funikeni nusu ya jozi kwa utepe wa kitambaa, nayo itanyamaza bila ya kuharibu ubao.

Kayamba, la matete yaliyopangwa bapa na mbegu ndani yake, tumelirithi kwa jirani na ndugu zetu Wamijikenda. Sauti yake ni pana na laini, kama mchanga unaomwagwa juu ya ukindu, wala haina ukali wa chuma. Tatizo lake ni kwamba mbegu hutaka kuendelea kutembea hata mkono ukishasimama. Likishikwa bapa na kuinamishwa polepole mara moja mwishoni mwa ubeti, linapendeza sana. Likitikiswa kila mpigo, kikao kitageuka ngoma ya namna nyingine, nayo ina mahali pake na wenyewe.

Manyanga au kibuyu kidogo ni rahisi kutengeneza nyumbani, na hapa kilichomo ndani ndicho kinachoamua. Maharagwe hugonga, choroko huchacha, mchele hunong'ona, mchanga safi hukaribia kunyamaza. Kwa chumba kimoja, mchele kiasi cha kijiko kimoja cha chakula watosha. Nawatahadharisha akina mama kwa niaba yetu sote: msitie mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, hata kama ni nzuri machoni. Zina sumu kali iwezayo kuua zikitafunwa, na kibuyu cha mtoto hakikawii kupasuka.

Njuga tunazishauri ziachwe. Si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa hazijui kunyamaza. Aliyezivaa akibadili mkao, zinalia. Mtoto akizipitisha kwa mwenziwe, zinalia. Na mara nyingi hulia wakati wa dua.

Pembe ya nyati, ile ya vugo la kina mama wa harusi, ina sauti kavu inayokatika upesi, na kukatika huko ni sifa kubwa. Ila nguvu yake ni ya njiani, kwenye msafara wa kupeleka vitu vya harusi. Ndani ya nyumba, fungeni ncha ya kijiti kwa kitambaa au mpira, na igongwe kwa nguvu ya kidole wala si ya kiko cha mkono. Ikifanywa hivyo hukaa vizuri pamoja na dufu, na bibi arusi hupata heshima yake ya kikwao.

Sinia la shaba na upatu vina mlio mrefu. Mlio mrefu chumbani hauendi popote. Huzunguka ukutani na kurudi. Anayependa sauti hiyo na alilaze sinia juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, aligonge kwa ncha ya kidole, tena mara moja tu kasida inapomalizika. Matoazi tumekwisha kuyasema.

Mwisho kuna makofi, ambayo hayauzwi dukani na kila mtu anayo. Viganja vilivyokunjwa kidogo vikawa kama bakuli hutoa sauti ya chini isiyogusa zile herufi za pumzi. Vidole viwili juu ya kiganja hutoa sauti ndogo zaidi. Kikundi cha watoto waliojifunza makofi ya namna hizi mbili kina kiungo cha kutosha kwa nusu ya kasida wanazozijua.

Mkienda kuchagua, iwe ni kwa fundi au dukani, chukueni majaribio manne. La kwanza, gongeni mara moja taratibu, kisha mtu ahesabu moja na mbili bila haraka. Kama chombo bado kinalia, si cha chumbani. La pili, kipigeni kwa upole wa mwisho mnaouweza. Chombo chema huzungumza kikiguswa kwa upole. Chombo kibaya hakina ila hali mbili, kunyamaza au kupiga kelele. La tatu, kipitisheni kutoka mkono hadi mkono, kisha kiwekeni chini. Kikishindwa kuwekwa kimya, kirudisheni. La nne ndilo kubwa: mmoja asome beti tatu ambazo wengine hawazijui, kwa sauti yake ya kawaida, huku chombo kikipigwa kando yake, na mwingine asimame chumba cha pili ayaandike anayoyasikia. Karatasi yake itawaambia kuliko sisi.

Kuchagua vizuri hakutoshi bila ya kupanga. Tunapendelea beti mbili za mwanzo ziwe za sauti na dufu pekee, ili masikio yazoee lahani na maneno. Chombo cha kando kiingie baadaye, kwenye kiitikio, ambako maneno hurudiwa na kila mtu ameshayajua, au mwishoni mwa ubeti, muimbaji anapovuta pumzi. Kisiingie juu ya neno linalosikika kwa mara ya kwanza. Chombo kimoja kwa kasida moja chatosha. Viwili viwe vya tabia mbalimbali, kimoja cha ukavu na kimoja cha mchanga, wala visipigwe pamoja.

Kuna mazoea mengine tungependa yabadilike. Kwa sababu chombo ni kidogo, hupewa mtoto mdogo kuliko wote, ili naye asijione ameachwa. Kumbe kazi ya chombo hicho ni kungoja, na kungoja ndiko kulikomshinda. Kipeni mtoto mkubwa mwenye subira, au mwalimu mwenyewe, na yule mdogo mpeni makofi ya kiitikio. Atafurahi, na kasida itasalimika.

Kuhusu maikrofoni, ikiwa chumba kina watu thelathini, haina haja. Ikilazimu, iwe kwa muimbaji peke yake, na vyombo viketi nyuma yake hatua mbili au tatu. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6; ndani ya kuta ngumu haipungui kiasi hicho, kwa hiyo mazulia, mito na mapazia mazito ni wasaidizi wakubwa. Chumba kitupu chenye vigae kitaishinda hata tari ya shaba.

Tusimsahau jirani. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zimeweka, nje ya nyumba za makazi, kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unahesabiwa tangu saa mbili. Mazungumzo ya kawaida ya watu walioketi karibu hufikia takriban 60 pale pale walipo. Kikao cha baada ya Isha basi kimo ndani ya wakati huo mgumu. Fungeni madirisha ya upande wa jirani, mwambieni mapema siku na saa ya kumaliza, na mkisha kusema saa tatu na nusu, iwe ni saa tatu na nusu. Katika jengo moja huenda yumo mgonjwa, au mama aliyejifungua juzi, au kijana mwenye mtihani asubuhi. Haki ya jirani haipunguzwi na uzuri wa kasida.

Kwa anayetaka jawabu fupi la kupeleka kwa fundi, jawabu letu ni hili: dufu moja la ngozi ya mbuzi, tari moja la shaba lenye jozi nne, kibuyu kimoja cha mchele, na makofi. Vitu hivyo vinaingia katika kikapu kimoja, havihitaji umeme, na vinaitosha nyumba kwa akika, hina na maulidi ya mwaka mzima. Kisha kabla ya siku ya shughuli, mwiteni mzee mmoja wa nyumbani, aketi mahali pale atakapoketi siku hiyo, watoto waimbe kasida yote, naye awaambie inasema nini. Akiweza kueleza, mko tayari. Asipoweza, punguzeni chombo kimoja na muanze tena.

Twamuomba Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza neno na kufuata lililo jema. Wabillahi tawfiq.